Mti Gani Uingie Chunguni?

Mpera ukizeeka uani ukaacha kuzaa, kwa kawaida huishia kuwa kuni. Ni hasara. Mti wake ni mgumu, nyuzi zake zimeshikana, hauna harufu kali, na tawi moja lenye unene wa mkono wa mtu mzima linatoa miiko kadhaa ya kusongea ugali, miiko itakayodumu kuliko ile inayouzwa sokoni ikiwa bado mibichi na kupasuka kabla mwezi haujaisha. Ndivyo ilivyo pia kwa mchungwa uliokaushwa na ugonjwa, mbuni unaong'olewa Kilimanjaro au Kiambu kupisha miche mipya, mforsadi unaopogolewa kila mwaka na mzambarau ulioangushwa na upepo. Mtu mwenye panga, kisu kikali na subira anaweza kujitengenezea kijiko, mpini wa upawa, kibao cha kukatia nyama, hata bakuli.

Kinachowazuia wengi ni swali moja: mti huu hauna sumu? Ni swali la haki, maana bustani hizohizo zina ua wa minyaa, mbono kaburi na oleanda ya maua ya waridi. Lakini likiulizwa kwa ujumla namna hiyo halijibiki vizuri, kwa sababu limebeba maswali matatu. La kwanza ni la mchongaji: nini kinaingia puani, machoni na kwenye ngozi yake anapofanya kazi? La pili ni la mlaji: nini kinatoka kwenye mti na kuingia kwenye chakula? La tatu husahaulika kabisa: binadamu ameupaka au kuunywesha mti huo kitu gani kabla haujafika mkononi mwako? Nikiyapima yote matatu, naona tunaitafuta hatari mahali isipo kubwa. Tunauogopa utomvu wa mti unaofahamika kwa miaka yote, halafu tunavuta vumbi lake bila kitambaa puani, na jioni tunachonga kijiko cha mtoto kutoka kwenye kipande cha nguzo ya umeme.

Tuanze na miti michache ambayo haina mjadala.

Msunguti ni kichaka au mti mdogo wenye majani magumu yanayong'aa, maua meupe yenye harufu tamu na matunda ya zambarau. Wataalamu wa mimea wanauita Acokanthera. Kwa vizazi vingi Wagiriama, Wakamba na Waata walitengeneza kwa mti huu sumu ya mishale, nayo iliangusha hata tembo. Sumu hiyo ina ouabaini, kitu kinachovuruga mapigo ya moyo. Wawindaji walikula nyama ya mnyama waliyemuua kwa mshale huo bila kudhurika, kwa kuwa ouabaini hufyonzwa kwa shida tumboni na ukali wake huonekana hasa ikiingia damuni. Mtu anaweza kuichukua habari hii kuwa ni ruhusa. Asifanye hivyo, na sababu iko katika namna sumu yenyewe inavyopikwa: vipande vya mti, magome na mizizi huchemshwa majini kwa saa nyingi mpaka kibaki kitu cheusi kizito kama lami. Mti, maji, moto na muda. Mwiko ndani ya sufuria ya maharage hukutana na hivyo hivyo vinne, kila siku, kwa miaka. Ikiwa kuchemsha mti ndiyo njia ya kupata sumu yake, basi mti huo usichongwe chombo cha kulia kwa sababu yoyote ile.

Ukoo wa msunguti ni mpana na una ndugu wengi bustanini. Oleanda ni mmoja wao. Mwingine ni Thevetia, ule mti wa maua ya manjano unaopandwa uani kwa uzuri wake, ambao mbegu zake zimeua watu wengi, hasa Sri Lanka. Waridi la jangwani lenye shina nene ni ndugu yao pia, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutengeneza kwalo sumu ya mishale. Nje ya ukoo huo, minyaa ina utomvu mweupe unaoweza kumpofusha mtu ukimwingia jichoni. Wazee wengi wamefundisha kanuni moja ya haraka: mti unaotoa maziwa ukijeruhiwa, uache. Ni kanuni nzuri kwa asiyejua mti aliousimamia, japo ina tofauti zake. Mfenesi hutoa maziwa yanayonata kuliko gundi, na bado mbao yake ya manjano ni safi, huchongeka vizuri na imefanyiwa kazi kwa miaka mingi.

Kuhusu oleanda kuna hadithi inayosimuliwa mpaka leo, kwamba wakati wa vita vya Napoleon huko Hispania askari walichoma nyama kwenye vijiti vya mti huo na wengi wao wakafa. Hadithi hiyo imehamia nchi mbalimbali, kila mahali na majina mapya. Watafiti wa California waliamua kuipima: walichoma soseji kwenye vijiti vya oleanda kisha wakatafuta sumu ndani ya nyama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba kiasi kilichoingia kwenye nyama kilikuwa kidogo mno kuweza kumdhuru mtu. Kwangu jaribio hilo ni muhimu, kwa sababu linaonyesha kwamba hata mti wenye sumu kali hauachii sumu yake kwa wepesi tunaoudhani. Hata hivyo kijiti kinachokaa ndani ya nyama dakika chache hakilingani na kijiko kinachochemshwa kila siku, na kwa kuwa mipera ipo, sioni sababu ya mtu kujaribu oleanda. Kwa mishikaki, chelewa ya mnazi iliyochongwa ncha na kulowekwa ingali bora kuliko spoku za baiskeli zinazotumika siku hizi, maana spoku hutengenezwa na kupakwa madini kwa kazi ya gurudumu, hakuna aliyezipimia moto na nyama.

Nini basi huamua kiasi kinachotoka kwenye mti? Joto ni la kwanza. Muda ni wa pili. Kisha aina ya chakula: maji huchota vitu fulani, ukwaju na ndimu huchota vingine kwa sababu ya uchachu, na tui la nazi huchota vile vinavyoyeyuka kwenye mafuta. Mwiko unaokoroga mchuzi wa samaki wa nazi uliotiwa ndimu unapambana na yote matatu kwa pamoja. Ukubwa wa sehemu inayogusa chakula nao huhesabiwa, na hapo ndipo kinu kinapokuwa na hukumu yake peke yake. Kijiko hutoa kidogo kwa kuloweka. Kinu hutoa mti wenyewe, kwa kuwa kila pigo la mchi hukwangua chembe ndogo na kuzichanganya na kisamvu au unga. Aliyechimba kinu cha mkwaju, mti mgumu wa jamii ya mikunde ambao matunda yake tunayanywa, alichagua vyema. Ndiyo maana nashauri mti wa kinu uchaguliwe kwa ukali kuliko wa kijiko, na kijiko kwa ukali kuliko kibao cha kuwekea mkate.

Kuna faraja ya uongo inayosema: mti wenye matunda ya kulika ni salama. Kwa sehemu kubwa ni kweli, nami nimeanza na mpera kwa sababu hiyo. Lakini tunda na mti ni vitu viwili. Mkorosho hutupa korosho tamu, na maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza vidole vya wanawake wanaobangua huko Mtwara na Lindi. Mwembe ni wa ukoo huohuo. Utomvu unaotoka kwenye kikonyo cha embe huwasha midomo ya watu fulani na kuwatoa vipele, na mtu wa namna hiyo akichonga au kupiga msasa mbao ya mwembe anaweza kupata shida hiyohiyo mikononi na usoni. Mabakuli ya mwembe yanauzwa duniani kote, na mbao yake ikikauka sawasawa haina neno kwa walaji walio wengi. Ila kama ndani ya nyumba kuna anayewashwa na embe, achongewe kijiko cha mchungwa.

Mfyulisi nao una mambo yake. Majani na magome yake yana kitu kinachozaa sianidi yakisagwa mabichi, hivyo gome litolewe lote na mti ukaushwe vizuri. Sianidi haikai kwenye mbao kavu. Mparachichi ni wa kustaajabisha zaidi. Majani na magome yake yana pasini, sumu inayokausha maziwa ya mbuzi na kuumiza moyo wa farasi, ilhali sisi tunakula tunda lake kila siku. Mbao yake ni laini na hunyonya maji, basi hata bila habari ya sumu si mti wa kijiko kizuri.

Kwa upande wa pili, uchungu peke yake hauthibitishi sumu. Mwarobaini ni mchungu kila mahali, na bado watu wa pwani wametafuna vijiti vyake kama mswaki kwa vizazi. Kilichowadhuru watoto wadogo, hata wengine kufa, ni mafuta ya mbegu zake waliyonyweshwa kama dawa. Mbegu, jani, gome na mbao ni ghala tofauti ndani ya mti mmoja, na anayeuliza kama mwarobaini una sumu lazima aseme anauliza sehemu ipi. Kijiko cha mwarobaini kitaupa uji uchungu kwa siku za mwanzo. Kumdhuru mlaji ni jambo jingine.

Mgrevilea unanishughulisha zaidi, kwa sababu umejaa mashambani kuliko miti mingi ya asili. Uliletwa kutoka Australia kutia kivuli kwenye chai na kahawa, na leo kuanzia Kiambu hadi Kilimanjaro ndio mti wa mpaka, wa kuni na wa samani. Hauhusiani kabisa na mwembe kwa ukoo, lakini una kemikali za jamii moja na zile zinazowasha kwenye maganda ya korosho. Wapogoaji katika nchi mbalimbali wamepata vipele vibaya kwa kuushika. Kwa meza ni mzuri, mbao yake ina mistari ya kupendeza. Kwa kijiko kinachoingia mdomoni mimi nisingeuchagua, na mtu mwenye mgrevilea na mbuni katika shamba moja hana sababu ya kuhangaika.

Hapa huibuka hoja ya mila: babu zetu walitumia mti huu, hawakufa. Naiheshimu hoja hiyo kuliko wanavyoiheshimu wataalamu wengi. Wamasai husafisha na kutia moshi vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya mzeituni mwitu, ambao Wakikuyu wanauita mutamaiyu; mti huohuo ndio uliochongwa vijiko vya saladi vinavyouzwa kwa wageni Nairobi. Matumizi ya muda mrefu namna hiyo ni ushahidi mzito. Mti ambao ungemtapisha mtu au kumwasha ulimi ungejulikana katika kizazi kimoja na kuachwa. Udhaifu wa ushahidi huu ni kwamba macho ya mila huona kinachotokea upesi. Madhara ya miaka ishirini huyapita. Kina mama walipikia kuni katika majiko yasiyo na dirisha kwa karne nyingi, na ni juzi tu tulipoelewa moshi ule ulivyofanya mapafu yao. Kwa hiyo mila inatosha kuniondolea hofu ya sumu ya ghafla, lakini haitoshi katika jambo linalofuata.

Jambo hilo ni vumbi. Katika miaka ya 1960, Esther Hadfield, daktari wa pua na koo, aliona kwamba mafundi wa viti wa mji wa High Wycombe, Uingereza, walikuwa wakiugua saratani ya ndani ya pua, ugonjwa ambao kwa watu wengine ni adimu sana. Yeye na wenzake walifuatilia mpaka wakafika kwenye vumbi la mbao. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Miti ya wale mafundi haikuwa ya sumu. Ni miti ambayo watu wa Ulaya wanachongea vijiko hadi leo. Vumbi ndilo lililoua.

Miti yetu mizuri ina visa vyake. Mpingo una kemikali zinazowatoa vipele wachongaji na hata wapiga zumari ambao midomo yao hugusa ala. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kuleta pumu. Mtiki ni vivyo hivyo. Mjohoro una unga wa manjano ndani ya kiini chake ambao huwasha macho mara mbao inapopasuliwa. Mwili ukishaukataa mti mmoja, mara ya pili huukataa kwa nguvu zaidi, na fundi aliyefanya kazi miaka kumi bila tatizo anaweza kuamka siku moja akiwa hawezi kabisa kuugusa.

Hapo ndipo uchongaji wa zamani unapoushinda wa kisasa, na sisemi hivi kwa kupenda tu mambo ya kale. Anayechonga mti mbichi kwa panga, tezo na kisu hutoa maganda na vibanzi vinavyoanguka chini. Anayekausha mbao kwanza kisha akaisaga kwa mashine ya msasa hutoa unga unaoelea chumbani saa nzima baada ya mashine kuzimwa. Chonga mbichi. Pasua gogo katikati kwa shoka ili kiini kitoke, maana kiini kikibaki mwiko utapasuka tu. Fuata nyuzi, acha unene wa ziada kidogo, kisha kiweke chombo kivulini ndani ya gunia pamoja na maganda yake kwa wiki kadhaa ili kikauke polepole. Kikishakauka, kimalizie kwa kisu kikali. Ukilazimika kutumia msasa, lowesha mbao, fanyia kazi nje, funika pua na mdomo kwa barakoa inayobana, na watoto wakae mbali.

Swali la tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote, kwa kuwa halina alama usoni. Nguzo za umeme na simu katika nchi zetu hutiwa dawa ili zisiliwe na mchwa, nyingi kwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, nyingine kwa kreosoti nyeusi yenye harufu ya lami. Marekani iliacha kutumia mchanganyiko huo wa aseniki kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Kwetu, nguzo ikivunjika, vipande vyake huokotwa: vingine vinakuwa kuni, vingine vinafika kwa mchongaji kwa sababu ni mbao ngumu, kavu, ya bure. Rangi ya kijani iliyofifia kwenye sehemu iliyokatwa ni dalili moja, ila jua na mvua huifuta. Aseniki haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuchoma, na majivu yake ni mabaya kuliko mbao yenyewe.

Ukiacha nguzo za umeme, kuna nguzo za uzio wa nyumbani. Wengi huzipaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa, au humimina dawa ya mchwa kwenye shimo kabla ya kusimika. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba madini na masalia ya moto ambayo hakuna anayetaka kuyala, nayo hupenya ndani ya nyuzi. Milango na madirisha ya zamani yana tabaka za rangi, na rangi za miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na risasi. Kuikwangua ili kupata mbao nzuri ya mninga ndani yake ni kuirusha risasi hewani, mbele ya watoto. Mbao za paleti zinazotoka bandarini zina muhuri: herufi HT maana yake zilipashwa moto mpaka ndani kufika nyuzijoto 56 kwa nusu saa, na MB maana yake zilifukizwa gesi ya methili bromaidi. Gesi hiyo huondoka kwa sehemu kubwa. Kinachonitia shaka kwenye paleti ni safari zake: huwezi kujua kama juzi ilibeba mchele au ilibeba madumu ya viuatilifu yaliyovuja. Tawi lililopogolewa kwenye mti uliopanda mwenyewe lina historia unayoijua yote, na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa.

Vinyago navyo vimo katika hesabu hii. Uchongaji wa Wakamba ulianzia Wamunyu, kwa Mutisya Munge, ambaye inasimuliwa kwamba alijifunza kwa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani. Muhugu na mpingo ilipoadimika, wachongaji walihimizwa kutumia miti ya mashambani, yaani mwarobaini, mwembe, mjakaranda na mgrevilea. Ni uamuzi mwema kwa misitu. Lakini chombo cha mapambo humaliziwa kwa mapambo: rangi ya viatu ili mbao nyeupe ifanane na mpingo, vanishi ili ing'ae. Kijiko kizuri chenye mpini wa twiga ulichonunua barabarani kitundikwe ukutani, isipokuwa aliyekichonga mwenyewe akuambie amekipaka nini.

Inabaki kazi ya kuujua mti, na hapa hakuna njia ya mkato. Kuonja ganda la mbao si kipimo. Sumu nyingi hazina ladha, na zile zenye ladha utakuwa umezila. Kunusa husaidia kugundua kreosoti na oili, hakuna zaidi. Kuchemsha maganda kwenye maji safi na kutazama rangi kunakuambia kama ugali wako utakuwa wa kahawia, na hilo lina maana kwa mpishi, ila rangi na sumu hazifuatani: mninga hutoa wekundu mwingi bila kudhuru, na maji yenye aseniki ni meupe. Kinachofanya kazi ni jina. Majina ya kienyeji hubadilika kila baada ya bonde, jina moja likishikwa na miti miwili, basi jina la jirani lisikutoshe kwa mti wa porini. Kata kitawi chenye majani na maua au matunda, kikandamize ndani ya gazeti, ukipeleke kwa wanaojua. Hebaria ya Afrika Mashariki, ambayo mkusanyo wake ulianzia Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902, sasa iko kwenye Makumbusho ya Taifa Nairobi. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Makerere vina zao. Ofisa misitu wa wilaya naye mara nyingi anaijua miti ya eneo lake vizuri. Kitabu cha miti na vichaka vya manufaa vya Tanzania cha mwaka 1994, na kile cha Kenya cha mwaka 2005, vina michoro na majina ya kienyeji ya lugha nyingi. Usipopata jina, mti huo utafaa kwa mpini wa jembe.

Mafuta ya kumalizia huleta mabishano kuliko yanavyostahili. Mafuta ya nazi hayakauki wala hayagandi kuwa ngozi juu ya mbao. Huingia, yakatoka taratibu kwa kuoshwa, ukapaka tena. Ni safi na yanatosha, hasa yakichanganywa na nta ya nyuki kidogo, ile inayotoka Tabora ikiwa bado na harufu ya asali. Alizeti hunata na kuvunda. Mafuta ya kitani hukauka vizuri, mradi yasiwe yale ya duka la rangi, ambayo hutiwa madini ya kuharakisha ukaukaji, na kitambaa ulichopakia kitandazwe nje kwa kuwa kikikunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Duka la dawa huuza mafuta meupe ya parafini ambayo hunywewa kulainisha choo, nayo yanafaa. Tahadhari inahitajika kwa sababu Wakenya wengi husema parafini wakimaanisha mafuta ya taa. Anayetumwa dukani aelezwe vizuri. Mtu asiyependa mafuta yoyote aache mwiko mtupu, kama ilivyo miiko mingi vijijini. Utapauka, na utafanya kazi.

Kuna wanaokwepa mbao kabisa kwa hofu ya vijidudu, wakanunua plastiki. Miaka ya 1990 Dean Cliver, mtaalamu wa vijidudu vya chakula aliyekuwa Wisconsin kisha California, alipaka bakteria kwenye mbao za kukatia na kwenye plastiki akitarajia plastiki ishinde. Kwenye mbao, bakteria walivutwa ndani pamoja na unyevu, hawakurudi juu, wakafa taratibu; kwenye plastiki iliyochanjwa na visu walibaki ndani ya michanjo hata baada ya kuoshwa. Sharti lake ni kukauka. Mwiko uoshwe kwa sabuni na maji ya moto, usilale ndani ya beseni, na uanikwe juani kwenye kichanja. Ukiota ukungu mweusi uliopenya, au ukapasuka ufa unaoshika uji, umemaliza kazi yake. Wa mpera au mchungwa usio na rangi utiwe jikoni uchemshe chai. Uliopakwa vanishi, au uliochongwa kwenye mbao usiyoijua asili, usichomwe jikoni wala majivu yake yasifike kwenye tuta la mchicha.